Karafuu mdomoni, saa tano ya usiku

Leo ni siku ya 94. Nahesabu kwa penseli nyuma ya kalenda ya jikoni, mahali ambapo wanangu hawapagusi, maana mpaka leo hawajui kuwa mama yao alikuwa akinywa.

Nakaa Fuoni, Unguja. Nafanya kazi ya hesabu katika hoteli moja ya kaskazini; gari ya wafanyakazi hunichukua alfajiri na kunirudisha Magharibi ikiwa imeshaingia. Baba watoto yuko Maskati, huu mwaka wa tatu. Watoto ni watatu, na mchana huwa na binti wa dada yangu. Nikifika tu mlangoni ananikabidhi yote kwa mara moja: maji hayatoki tangu asubuhi, mkubwa kapigana skuli, wa kati hajahifadhi sura ya Kurani aliyopewa chuoni, mdogo hataki kula, umeme umebaki uniti nne. Simlaumu, naye kachoka. Lakini hapo mimi bado sijavua hata buibui.

Nilianza na mvinyo wa wageni. Mgeni huondoka akaacha nusu chupa mezani, na siku moja nusu hiyo ikaingia mkobani mwangu. Watoto walipolala nikanywa, nikahisi kama mtu kanitua mzigo kichwani. Baadaye nikawa namuagizia dereva mmoja aninunulie mjini. Nikifika nyumbani nautia ndani ya chupa ya chai, ili hata mtoto akiamka asione kitu kigeni. Mama anakunywa chai yake. Iliendelea hivyo mwaka na miezi.

Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Wete, Pemba, nimesoma chuo cha Kurani mpaka nimehitimu. Hukumu naijua, na sikuandika haya kwa kutafuta ruhusa. Kitu cha kwanza kunitoka kilikuwa sala ya Isha. Magharibi nilikuwa nasali, kisha Isha naiahirisha, naiahirisha, maana tangu udogoni tumefundishwa kuwa mlevi haikaribii sala mpaka ajue anachokisema. Basi kila usiku nilikuwa na viwili mbele yangu, na kila usiku nilichagua chupa.

Kisha ukaja usiku wa mdogo wangu kuumwa.

Ana miaka minne. Saa tano kasoro nilimsikia anakohoa, nikaenda kumshika, nikakuta mwili unaunguza na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana gari, na ameshaniambia zaidi ya mara moja, "Mwanangu, ukiwa na dharura usingoje asubuhi, nigongee." Kutoka mlango wangu mpaka wake ni hatua thelathini. Sikwenda. Nilikuwa nimeshamaliza zaidi ya nusu chupa, na harufu niliihisi mwenyewe.

Nikapiga mswaki. Nikafungua kopo la karafuu alizonipa mama kwa ajili ya pilau, nikatafuna moja, nikatafuna tatu, nyingine tena, mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikabadilisha nguo. Halafu, na hili ndilo linaloniamsha hadi leo, nikawasha chetezo nikajifukiza udi. Mwanangu anahema kitandani, mimi nimesimama na kanga juu ya moshi. Nilipoangalia saa, dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita.

Maalim hakuuliza kitu. Aliendesha kimya, na tulipotoka barabara kubwa akashusha kioo cha upande wake.

Kipimo cha malaria kilitoka safi, kilikuwa kifua. Alitiwa dawa, akawekewa oksijeni, tukalala hapo siku mbili, akapona, Alhamdulillahi. Daktari hakusema kuwa dakika zile zilileta madhara. Mimi ndiye ninayezijua.

Wiki hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, shoga yangu ambaye ni muuguzi. Nilitegemea atanisema. Kwanza aliuliza maswali: "Asubuhi mikono inatetemeka? Usipokunywa unatoka jasho? Unakunywa mchana?" Nikajibu la, yote. Akaniambia, "Ungesema ndiyo, shoga yangu, nisingekuacha uache pombe peke yako nyumbani." Anayekunywa sana kila siku mwili wake huzoea, akiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa, na huyo huachishwa akiwa chini ya daktari. Nimeliandika hili kwa makusudi, kwa dada au kaka anayesoma akiwa katika hali hiyo. Kuhusu karafuu zangu alinijibu kuwa pombe iko kwenye damu, na damu inapita mapafuni, kwa hiyo harufu hutoka na pumzi yenyewe. Ningetafuna kopo zima isingeondoka.

Kazini nikafanya hesabu niliyokuwa nikiikimbia. Chupa ya mililita 750 yenye kiwango cha asilimia 13 ina karibu mililita 97 za pombe tupu. Na mimi nilikuwa nikisema "kidogo tu cha kupumzishia akili". Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na mapumziko yenyewe hayakuwapo. Nilikuwa nikilala saa nne kama gogo, saa tisa niko macho, moyo unadunda, mdomo mkavu. Ini likishamaliza kuisafisha pombe, usingizi hukatika. Asubuhi napigia watoto kelele kwa uchovu, jioni nakunywa kwa sababu nimewapigia kelele.

Hizi 94 si za mwanzo. Kabla yake zilikuwapo 12, zikaishia usiku alioniambia baba watoto kuwa Idd haji. Nilifuta penseli nikaanza moja.

Nilichojifunza ni kuwa kiu hii ina saa yake. Mchana kutwa sikuikumbuka. Inakuja saa mbili na nusu, mtoto wa mwisho akishalala, nyumba ikinyamaza, na inaondoka kwenye saa nne. Ni saa moja na nusu ya kupambana nayo, si maisha mazima. Kiti nilichokuwa nikikalia nimekihamishia chumba cha watoto. Chupa ya chai nimeitoa. Nikishawalaza nasali Isha hapo hapo, kabla sijakaa, kisha nampigia mama Wete.

Mama hajui chochote. Nilimwambia tu kwamba usiku nimekaa bure, akasema, "Mwanangu, mikono mitupu ndiyo inayokuchosha," akanitumia kwa boti mafungu ya ukindu, majani ya kusukia mikeka, mengine ameshayatia rangi. Udogoni nilikuwa nikisuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, kwa kulazimishwa. Sasa nauloweka ukindu usikatike, naweka simu sikioni, nasuka huku yeye ananisimulia nani kaolewa na nani kaanguka mikarafuu. Nikikosea njia moja ukili wote unapinda, inabidi nifumue. Mikono ikiwa na maji na ukindu haishiki kikombe. Mtoto wa kati ameanza kuja kukaa ubavuni kwangu, ananipa nyaa moja moja, mpaka anasinzia.

Baba watoto sijamwambia. Nimerekodi ujumbe mara tatu, mara tatu nimeufuta. Kwa Maalim nilikwenda kumshukuru; maneno mengine yalinikwama.

Jana mama kaniuliza kama karafuu zimeisha, aniletee nyingine pamoja na ukindu. Nikamwambia bado zipo. Kopo liko juu ya kabati, sijalifungua tangu usiku ule.