Sekunde zinakopotelea: uzoefu wangu na bastola ya mashindano

Wengi wanaoanza mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha kwa kasi na mwendo) hudhani kasi iko kwenye kidole. Chukua steji (zoezi moja la mashindano) ya risasi 24: shabaha 12, kila moja risasi mbili. Anayeanza anaweza kuimaliza kwa sekunde 20 hivi. Kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwenye shabaha moja hutumia kama sekunde 0.35, zidisha kwa 12, unapata sekunde 4 na ushee. Zile karibu 16 zilizobaki zimeishia kwenye kuchomoa bastola, kuhama shabaha hadi shabaha, kukimbia, kubadilisha magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) na kusimama ukitafuta shabaha iliyojificha nyuma ya ukuta. Ndiyo maana katika mazoezi yangu kidole huja mwisho.

Kabla ya yote, elewa hesabu ya alama, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua nini kifanyiwe mazoezi. Mchezo huu, ulioanzishwa rasmi mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na ambao kwetu unachezwa renji (uwanja wa kulengea) kama ya Kirigiti, Kiambu, haumtuzi mwenye kasi peke yake wala mwenye shabaha nzuri peke yake. Alama zako zinagawanywa kwa sekunde zako, na jibu hilo ndilo hiti fakta. Katika daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani, ambalo ndilo ninalomshauri anayeanza achague, shabaha imegawanywa zoni: A ya katikati ni alama 5, C ni 3, D ni 1. Ukikosa kabisa unakatwa 10, na ukiipiga shabaha ya rangi nyingine isiyotakiwa kupigwa, 10 pia.

Sasa linganisha wapigaji wawili kwenye steji hiyo ya risasi 24. Wa kwanza anatumia sekunde 20 na kupata A 18, C 5, D 1: alama 106, hiti fakta 5.3. Wa pili anajitutumua, anamaliza kwa 17, lakini ana A 16, C 4, D 2 na amekosa mara mbili. Alama zake ni 94, toa 20, zinabaki 74. Hiti fakta 4.35. Ameokoa sekunde tatu na kushindwa vibaya. Kukosa mara moja kunakugharimu alama 15, yaani 5 ambazo hukuzipata na 10 ulizokatwa, na kwa hiti fakta ya 5 hizo ni sekunde tatu kamili. Kupata C badala ya A kunakugharimu alama 2, sawa na sekunde 0.4. Kwa hiyo C chache si msiba, ila kukosa ni msiba. Hesabu hii naizingatia kila ninapopanga mazoezi.

Mshiko ndio unaobeba kila kitu. Kwa anayetumia mkono wa kulia: nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa ya mpini, isiache nafasi chini ya slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi). Mkono wa kushoto uzibe ile sehemu ya mpini iliyo wazi, kifundo kiinamishwe kidogo kuelekea chini, na kidole cha shahada cha kushoto kibane chini ya kinga ya triga. Gumba zote mbili zitazame mbele. Mkono wa kushoto ubane kwa nguvu kuliko wa kulia, kwa sababu wa kulia ukikaza sana, kidole cha triga nacho hukakamaa na hakitembei peke yake. Ukiona mikono inaachana baada ya risasi ya tatu na unalazimika kuipanga upya, ujue wa kushoto haugusi mpini vya kutosha. Jasho la mikono nalo lina lake, hasa pwani. Chaki kidogo ya wapanda miamba husaidia.

Kuhusu kulenga, kuna kipimo kimoja ambacho kimewatuliza wengi niliowaelekeza. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye bastola ya kawaida kuna kama sentimita 16. Kilengeo cha mbele kikiwa pembeni kwa milimita moja, risasi itakwenda pembeni sentimita 4 na nusu ukiwa mita 7, sentimita 6 ukiwa mita 10, na zaidi ya 15 ukiwa mita 25. Zoni A ina upana wa kama sentimita 15. Maana yake ni kwamba mita 7 huna haja ya kusubiri vilengeo vilingane kama vya fundi wa saa. Natazama shabaha yenyewe, kilengeo nakiona kwa ukungu, na navuta. Kuanzia mita 15 hivi narudisha jicho kwenye kilengeo cha mbele hadi kionekane wazi, na natumia muda unaohitajika. Anayetumia kasi moja kwa umbali wote anapoteza muda kwenye shabaha za karibu na kupoteza alama kwenye za mbali.

Mtu wa mkono wa kulia risasi zake zikikusanyika chini kushoto, karibu kila mara si vilengeo, wala si bastola. Ni kusukuma: mwili unalitazamia teke la bastola kabla risasi haijatoka, na mikono inashusha mtutu. Kipimo chake ni rahisi. Mwombe mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia mbili au tatu usijue ziko wapi. Ikifika ya bandia, mtutu ukichovya chini, umepata ugonjwa wako. Kuna tahadhari moja hapa ambayo hata waelekezaji huisahau. Mpigaji wa kasi huishusha bastola baada ya risasi kutoka, ili irudi kwenye shabaha, na kwenye risasi bandia huo mshuko utaonekana pia. Pima kwa risasi moja moja, polepole, ndipo usidanganyike. Dawa ni kuvuta triga hadi pale inapogoma, kisha kuendelea kwa shinikizo moja bila kunyakua, na kuiachilia ijirudi wakati bastola bado inaruka. Kuing'ang'ania triga nyuma mpaka bastola itulie, kama wengine wanavyofundishwa, kunakula muda kwenye kila risasi.

Mazoezi mengi nayafanyia nyumbani bila risasi, dakika 15 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki. Risasi zote, hata zilizo kwenye magazini za akiba, zinakaa chumba kingine. Natoa magazini, navuta slaidi, naangalia chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho na kuigusa kwa kidole, kisha narudia. Naelekea ukuta wa mawe au wa tofali nene, si wa mbao wala mlango. Nikimaliza, nimemaliza: bastola inafungiwa, na sirudii "mara moja tu ya mwisho", kwa sababu ajali ya nyumbani huweza kutokea kwenye hiyo ya mwisho, baada ya risasi kurudishwa. Leseni na masharti ya kutunza silaha hapa sina haja ya kuyaeleza. Asiye nayo asiguse.

Kuchomoa nakugawa vipande. Mkono wa kulia unashuka na kupata mshiko kamili bastola ikiwa bado ndani ya holsta (ala ya kiunoni), wa kushoto unatulia kifuani. Bastola inatoka wima na kugeukia shabaha. Mikono inakutana mbele ya kifua. Kisha inasukumwa mbele kwa mstari ulionyooka hadi usawa wa macho, na kidole kinaingia kwenye triga pale tu mtutu unapokuwa kwenye shabaha. Mshiko mbovu hausahihishiki njiani. Ukiondoka nao kwenye holsta, utakuwa nao kwa risasi zote sita zinazofuata. Taima, kifaa kinacholia kukuanzisha na kunasa muda wa kila risasi, naiweka sekunde 2.0 kwa shabaha ya mita 7. Nikifaulu mara nane kati ya kumi, vilengeo vikiwa ndani ya zoni A, napunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nikishindwa, narudi juu. Anayeanza huwa kwenye 2.0 hadi 2.5, kufika 1.4 kwa uhakika kunatosha kabisa kushindana vizuri.

Kubadilisha magazini nako ni kwa nyumbani. Bastola isishuke kiunoni. Ibaki mbele ya uso, imeinamishwa kidogo ili uone mlango wa magazini chini ya mpini. Kidole cha shahada cha kushoto kilale mbele ya magazini mpya, ncha yake ikigusa risasi ya juu, kwani ndicho kinachoiongoza hadi mlangoni. Macho yatazame mlango huo, si shabaha. Asilimia kubwa ya magazini zinazogonga ukingo na kuanguka hutokana na kutazama mbele mapema mno.

Kuhama kutoka shabaha hadi shabaha, macho ndiyo yanayotangulia. Risasi ya pili ikitoka tu, jicho linaruka hadi katikati ya zoni A ya shabaha inayofuata, sehemu ndogo kabisa, si shabaha nzima, na bastola inalifuata. Ukigeuza bastola na jicho pamoja, utaipita shabaha kisha uirudie. Nguvu ya kugeuka itoke magotini na kiunoni. Mabega yakikaza, ndipo kupitiliza kunapoanza.

Jambo linalotenganisha wanaopanda na wanaokwama ni kujua risasi imekwenda wapi bila kuiona tundu. Kilengeo kilikuwa wapi kilipoinuka? Kama kilikuwa nje, piga nyingine papo hapo. Risasi ya ziada inakula kama sekunde 0.3, ambayo kwa hiti fakta ya 5 ni alama moja na nusu, na inakuokoa na hasara ya 15. Lakini usiongeze risasi ili kugeuza C iwe A: unalipa 1.5 kupata 2, faida ya nusu alama tu na haina uhakika, na ukiwa umeshahama shabaha, kurudi kunakuwa hasara tupu.

Kwenye mwendo, nusu sekunde hupatikana mara mbili katika kila kituo, yaani mahali unaposimama kupiga. Unapoingia, bastola iwe tayari usawa wa macho na magoti yamekunjwa, upige pale kilengeo kinapotulia, si pale miguu inaposimama. Unapotoka, uzito wa mwili uwe umeshaegemea upande unaokwenda wakati wa risasi ya mwisho. Magazini ya Production inaruhusiwa risasi 15, na kituo kimoja hakipaswi kukudai zaidi ya 9, kwa hiyo naipanga ibadilishwe katika hatua za kwanza za kukimbia, hata kama zimebaki risasi tatu ndani. Kwa mtu wa mkono wa kulia, kubadilisha huku ukikimbia kuelekea kushoto ndiko hatari zaidi: mwili umegeuka, mtutu unavutwa kushoto na unaweza kuvuka digrii 90 kutoka upande wa shabaha. Ukivuka, afisa wa renji anakusimamisha na mashindano yamekwisha kwako. Geuza kiuno kiendelee kutazama shabaha, na kidole kikae nje kabisa, juu ya fremu, mahali anapokiona.

Nikiwa na risasi 100 renji, nazigawa hivi: 20 polepole mita 15, tano tano, kuangalia kama mshiko na triga bado ni vile vile, 20 kwa jozi (risasi mbili za haraka), mita 7 na mita 10, 24 za kuingia na kutoka kwenye kituo, na 36 kwa El Presidente mara tatu. Hilo ni zoezi la Jeff Cooper, rais wa kwanza wa IPSC: shabaha tatu, yadi 10 (mita 9 hivi), zimeachana yadi moja. Unasimama umezipa mgongo, mikono juu. Taima ikilia unageuka kwanza, ndipo unachomoa, unapiga mbili kila moja, unabadilisha magazini, unarudia. Kipimo cha Cooper kilikuwa sekunde 10.

Ninachokipenda ni kwamba taima inakutolea hesabu yote. Anayepata sekunde 9.3 kwenye zoezi hilo mara nyingi amegawa hivi: 2.5 hadi risasi ya kwanza, 2.1 kwa jozi sita za 0.35, 2.2 kwa kuhama mara nne, na 2.5 kwa magazini. Akiharakisha kidole hadi 0.25 ataokoa sekunde 0.6, na kwa anayeanza bei yake ni zoni A. Akishusha magazini kutoka 2.5 hadi 1.8 ataokoa 0.7 bila kugusa alama hata moja, na bila kununua risasi.