Bajeti ya mikono

Bukavu, mashariki mwa Kongo, Alhamisi usiku

Mhasibu wa wafadhili wa utafiti wetu wa afya ya viziwi yuko Ulaya na ni mtu mwenye adabu zake. Barua yake ya leo ilikuwa fupi: kwa nini mahojiano ya mtu mmoja yalipiwe wakalimani wawili? Nikamweleza. Mkalimani wa lugha ya ishara anasikia sentensi, anaielewa, anaigeuza, anaionyesha, na hapo sentensi ya pili imeshaanza. Baada ya dakika 20 hivi akili inachoka, na ubaya ni kwamba mwenye kuchoka hajitambui. Mikono inaendelea kwenda huku nusu ya maneno imedondoka njiani. Ndiyo maana wanapokezana, na asiye zamu anamwangalilia mwenzake.

Sijui kama atakubali. Ila kazi hii imenifanya niamini jambo ambalo madaktari wa timu yetu wanalicheka, kwamba ukosefu wa usawa katika afya unaanzia kwenye jedwali la bajeti. Kiolezo tulichopewa mwanzoni kiliwaweka wakalimani kwenye mstari wa "mengineyo", pamoja na maji ya kunywa na betri. Wahojaji viziwi waliitwa "wahamasishaji", na perdiem yao, yaani posho ya siku, ilikuwa nusu ya ile ya wahojaji wanaosikia, ingawa sehemu ngumu ya kazi ndiyo yao. Mradi wa kupima ubaguzi ulikuwa umeshauandika kwa tarakimu kabla hatujamwuliza mtu swali hata moja. Kubadilisha mistari hiyo miwili kulinisumbua kuliko kupata kibali cha kamati ya maadili. Nikisumbuliwa tena kwa hilo, nitapigana tena.

Mradi wenyewe unauliza kwa nini viziwi wa Ibanda, Kadutu na Bagira, sehemu tatu za mji wetu, wanachelewa kufika kwenye matibabu, na wakifika wanakutana na nini. Mimi nasikia, na udaktari sikusomea. Kazi yangu ni karatasi, pesa, kutafuta pikipiki itakayokubali kupanda Cimpunda mvua ikinyesha, na siku hizi kutafuta mwanga.

Lazima nieleze habari ya mwanga, maana hakuna aliyeniambia nilipoanza. Umeme ukikatika, sisi tunaosikia tunaendelea na maongezi gizani kama kawaida, pengine hata yananoga. Kiziwi, giza linamkata ulimi na masikio kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo tunatembea na taa za sola za kuchaji, na tunafika mapema kupanga viti. Dirisha lisiwe mgongoni mwa mkalimani, maana uso wake utageuka kivuli. Nguo ziwe za rangi moja, isiyofanana na ngozi ya mikono. Kitenge chenye maua mengi kinaumiza macho ya anayekutazama saa nzima, nami navipenda vitenge vyangu, basi navivaa Jumapili.

Halafu tukamhoji mshonaji mmoja wa Kadutu. Alituonyesha, sehemu kwa maneno na sehemu kwa mwili wake, usiku aliojifungua mtoto wa kwanza. Umeme ulikatika katikati ya uchungu. Wauguzi walikuwa na barakoa, kwa hiyo midomo ilikuwa imeshafichwa tangu mwanzo. Tochi ya simu ilielekezwa kule mtoto anakotokea, ndivyo inavyotakiwa, ila nyuso zote zikabaki gizani. Hakujua walichokuwa wakisema. Asukume? Azuie? Alikuwa akisoma mikono yao juu ya tumbo lake, basi. Kisha mtu akampiga pajani, mara mbili, kwa nguvu. Mpaka leo hajui kama yalikuwa maelekezo au hasira. Mhojaji wetu, naye kiziwi na mama wa watoto, aliacha kuandika, wakatazamana kwa muda. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu la risiti.

Aliporudi nyumbani hakumlaumu mkunga, na hata kwetu hakumlaumu. Alichotaka ni kujua pigo lile lilikuwa na maana gani. Hakuna safu ya kujaza jibu la namna hiyo kwenye fishi yetu, yaani fomu ya maswali. Tumeongeza.

Mengine tunayokuta ni madogo kwa kuyatazama, na yanaweza kuondolewa kwa gharama ya kipande cha katoni. Foleni, kwa mfano. Muuguzi anatoka mlangoni, anaita jina, anarudi ndani. Kiziwi aliyekuja saa moja asubuhi anaangalia midomo ya watu, foleni inampita, saa nane anaambiwa alishaitwa. Nilimwuliza muuguzi mmoja wanafanyaje kwa wagonjwa wasiosikia. "Siye tunaita majina tu, mama," akanijibu, bila ubaya wowote. Tulipompendekezea namba zilizoandikwa kwenye katoni akaanza siku hiyohiyo. Wanaosikia nao wamefurahi, kwani sasa wanaweza kwenda kununua mandazi wakijua zamu yao iko wapi.

Jambo la siri ndilo gumu. Nani anamkalimania mke kiziwi chumba cha daktari? Mara nyingi mama mkwe. Sasa aulize vipi kuhusu uzazi wa mpango? Na akikataa mama mkwe, mkalimani aliyepo mjini huenda ndiye anayemkalimania kanisani, tena mbele ya mchungaji yuleyule anayewajua wote. Wakalimani wetu ni waaminifu, ila mji wa viziwi ni mdogo ndani ya mji mkubwa. Tulichofanya ni kumpa mhojiwa picha za wakalimani wote, achague au akatae, na asiulizwe sababu.

Kuficha jina hakutoshi. Katika utafiti wa sauti unampa mtu jina la bandia, unaifuta rekodi ukishamaliza kuandika, na mambo yamekwisha. Sisi tunarekodi video, na uso hauwezi kufunikwa, kwa sababu nyusi, mashavu na mwelekeo wa macho ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda au zikishuka, sentensi inaweza kugeuka swali. Ukimziba mtu uso umemziba na maneno. Tena karibu kila kiziwi ana jina lake la ishara, ambalo mara nyingi limetokana na kovu, mwanya, au namna anavyotembea. Ukilitaja umemwonyesha kidole. Tumelazimika kutunga majina ya ishara ya bandia. Video zinakaa kwenye diski mbili zenye nywila, zimefungiwa kwenye kabati la chuma, na ridhaa yenyewe tunaichukua kwa video badala ya ile karatasi ya Kifaransa ya kurasa nne ambayo hata wanaosikia wanaisaini bila kuisoma.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo letu kuna ile namba ambayo kila mtu anaiweka: Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa kusikia. Wafadhili wanaipenda. Lakini wengi wao ni wazee waliopoteza kusikia pole pole, ambao lugha yao ni ileile waliyokuwa nayo ujanani. Mshonaji wa Kadutu yumo ndani ya namba hiyo, na namba haisemi chochote juu yake.

Akina mama tunaowauliza mtoto alipotezaje kusikia wanajibu karibu wote jibu moja: alichomwa sindano za kinini, dawa ya malaria. Daktari wetu anatikisa kichwa. Kinini kweli huleta mlio masikioni na kupunguza kusikia, lakini mara nyingi hali hiyo hurudi dawa ikisimamishwa. Wanaoiba masikio moja kwa moja ni homa ya uti wa mgongo, na malaria ikipanda kichwani, magonjwa yaleyale yaliyomfanya mtoto achomwe sindano. Surua nayo, ambayo mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, huacha masikio yanayotoka usaha. Dawa ya gentamisini, ya kuua bakteria, isipopimwa vizuri inaharibu sikio la ndani, na hapo hakuna kurudi. Basi mama amekosea dawa lakini hajakosea sana hadithi: mtoto aliingia kituoni anasikia, akatoka hasikii, na hakuna aliyekaa naye chini kumweleza. Mimi ningekuwa yeye, ningelaumu sindano pia.

Hata lugha ya ishara ya shule zetu imepitia kwenye homa ya uti wa mgongo. Kama sehemu kubwa ya Afrika inayotumia Kifaransa, ina mizizi katika lugha ya ishara ya Marekani aliyoleta Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa hiyo. Alianza na shule Accra mwaka 1957, zikafikia zaidi ya 30, hadi ajali ya ndege ilipomchukua mwaka 1987 huko Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi tu. Wahojaji wetu wote wamepita shule za namna hiyo.

Ambao hawakupita ndio wanaonipindua ratiba. Tulipanda Kabare kwa mzee mmoja ambaye hajawahi kukaa darasani. Ana ishara zake za nyumbani, zinazoeleweka na dada yake na mbuzi wake. Wakalimani wetu wenye vyeti walikwama kwenye swali la kwanza. Mhojaji kiziwi akawasogeza pembeni kwa upole, akaketi chini, akachora ardhini, akaigiza kikohozi, akaonyesha jua likizama na kuchomoza, akamtazama dada mtu, akarudi kwa mzee. Maelezo yakatoka kwa mzee kwenda kwa mhojaji, kwa mkalimani, kwa daftari, na swali likarudi kwa njia hiyohiyo. Fishi moja ilikula asubuhi nzima. Mpango wa wafadhili unataka fishi kadhaa kwa siku. Nimeandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba asubuhi ile ndiyo kazi bora tuliyofanya tangu tuanze, na kwamba ni mtu mmoja tu kwenye timu aliyeweza kuifanya, yuleyule aliyepangiwa nusu ya perdiem.

Kuhusu sheria zinazowalinda watu wenye ulemavu sina mengi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kipo, mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya haki za watu wenye ulemavu ipo. Tunazipiga fotokopi na kuzigawa.

Jioni kabla ya kufunga ofisi tulikuwa na mkutano wa kupitia fishi, na hapo timu ikanibana. Wanataka swali kuhusu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu. Nikasema mradi ni wa afya, maswali ya vita hatukuyaombea kibali. Kijana mmoja akanyoosha mkono kuomba zamu. Siku zile, alisema, watu walikuwa wakilala chini wakisikia risasi. Yeye alikuwa akilala chini akiona watu wamelala. Ukiwa peke yako njiani huna wa kumwangalia. Mwingine akaongeza kwamba miezi ile gari la megafoni lilipita mtaani kwao na tangazo la ugonjwa wa mpox, likapita tena, akaona watoto wanalikimbilia akadhani ni matangazo ya sabuni. Wakanitazama. Mwenzao akauliza kama kufa kwa risasi ambayo wengine wote waliisikia si jambo la afya.

Nimeiandikia kamati ya maadili kuomba marekebisho. Swali tumeliweka ukurasa wa nne, chini ya yale ya uzazi: "Hatari inapotokea, nani anakujulisha, na kwa njia gani?" Wakikubali, tutalijaribu kwanza Bagira, mchana, kwenye nyumba yenye madirisha makubwa.