Shingo ya shanga: mradi umefikia wapi

Shingo imesimama. Misuli ya upande wa kushoto imeshabandikwa na gundi imekauka. Ule msuli mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga ni kitambaa chekundu kilichoshonwa na pamba ndani. Mshipa mkubwa wa damu unaopita chini yake ni mrija wa dripu uliojaa wino wa buluu. Tezi za limfu, ambazo ndizo zilizonianzishia kazi hii, ni shanga za udongo nilizozifinyanga mwenyewe.

Kwa asiyeujua mradi huu: mimi ni tabibu wa meno. Jioni natengeneza kielelezo cha kuwaonyesha wagonjwa wa saratani ya ulimi, na ndugu zao, kwa nini daktari wa upasuaji anataka kufungua shingo wakati kidonda kiko mdomoni. Wananiuliza kila mara, na wana haki ya kuuliza: "Sasa daktari, shingo ina kosa gani? Mbona haijavimba?"

Jibu bora ninalolijua limetoka Mumbai. Miaka mingi madaktari walivutana. Saratani ya mdomoni inaweza kuhamia kwenye tezi za shingo na kujificha humo kabla hazijavimba. Wapo waliosema tezi hizo ziondolewe siku hiyohiyo ya kukata uvimbe wa mdomoni. Wengine walisema tusubiri, tumchunguze mtu kila kliniki, zikivimba ndipo tupasue, maana wengi watapasuliwa shingo bure. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Daktari wa upasuaji Anil D'Cruz na wenzake wa hospitali ya Tata Memorial wakaamua kulipima jambo lenyewe. Kati ya 2004 na 2014 waliandikisha wagonjwa 596 wenye saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo, shingo zao zikiwa hazina uvimbe, wakawagawa makundi mawili kwa kura. Mwaka 2015 wakatoa matokeo ya wagonjwa 500. Kufikia mwaka wa tatu, asilimia 80 ya walioondolewa tezi mapema walikuwa hai. Kwa waliosubiri, asilimia 67.5. Madhara ya upasuaji yaliwapata asilimia 6.6 ya kundi la kwanza na 3.6 ya kundi la pili.

Naupenda sana utafiti huu. Hauna dawa mpya wala mashine ya mabilioni. Ni upasuaji uleule ambao madaktari walikuwa tayari wanaujua, ila sasa tunajua ufanywe lini. Na umefanyika panapostahili: India, ambako watu wengi mno hutafuna tumbaku na saratani ya kinywa ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume. Huku kwetu nawaona wanaotafuna kuberi na tambuu yenye tumbaku, tena vijana.

Turudi kwenye shanga. Zile za chini ya taya na za juu na katikati ya shingo, yaani kanda ya 1 hadi ya 3, ni za njano na nimezitunga kwenye uzi mmoja. Ukivuta zinatoka zote pamoja, kwa sababu daktari naye huziondoa kwa mkupuo, pamoja na mafuta yanayozizunguka. Za chini zaidi ni nyeupe, zinabaki. Kila shanga ya njano inafunguka katikati, na chache nimezijaza nta nyekundu, ndiyo saratani iliyojificha. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na nyingine, hata uzipapase.

Nilimpa mzee mmoja aliyekuja na binti yake. Akafungua moja, safi. Ya pili, safi. Ya tatu akakuta nyekundu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hii ningekaa nayo mpaka inivimbe." Binti akaomba afungue na yeye.

Bado sijamaliza neva ya bega. Inakatiza katikati ya eneo la upasuaji, na hata ikihifadhiwa, mgonjwa anaweza kushindwa kuinua mkono vizuri kwa muda. Hilo lazima alijue kabla ya kusaini fomu, na mazoezi ya bega aanze kufundishwa mapema. Nitatumia uzi mweupe mnene wenye mkazo, ili anayevuta tezi auone ukitikisika.

Baada ya hapo ni ulimi wenyewe, wa tabaka. Katika utafiti ule faida haikuonekana wazi kwa uvimbe uliozama milimita 3 au chini ya hapo, kwa hiyo nataka kipande kinachokatika ubavuni na kuonyesha kina. Udongo nimeshaulowanisha.