Mafunzo ya dharura za mbwa na paka

Wenzangu wa mifugo, nimerudi darasani. Dharura na upasuaji wa mbwa na paka, hapa hapa Mbeya, baridi ya Julai ikituchapa. Wengi wetu tuliosoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) mikono imezoea ng'ombe wa maziwa. Mbwa ni chanjo ya kichaa na kuhasi, basi.

Kilichonitoa jasho ni kufufua. Moyo ukisimama unamlaza mbwa ubavu, unakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua, dakika 2 bila kukatisha, ndipo mwenzako anakupokea. Dakika 2 jamani! Mkufunzi alisema asiyechoka hakandamizi, anapapasa.

Halafu tumbo kujaa gesi na kujisokota. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama hawa German Shepherd wanaolinda mageti kule mtaani Forest. Anajikamua kutapika, hakitoki kitu, tumbo limekaza kama ngoma. Huyo haambiwi arudi kesho. Maji ya mshipa kwanza, gesi itolewe, kisha kisu. Ukimpiga nusu kaputi kabla mzunguko wa damu haujatulia, unaweza kumpoteza mezani.

Na kwa baridi yetu, mgonjwa aliyelala joto hushuka upesi, paka hasa. Chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo zinasaidia sana (zisimguse ngozi, zitamuunguza).

Oksijeni ndiyo bado mtihani kwangu. Anayejua wanapojaza mitungi midogo hapa mjini, aje inboksi.