Utani Ofisini kwa Walimu: Ninavyoutumia Nikiwa Mwalimu Mkuu

Mwaka wa shule ya msingi una vipindi vitatu ambavyo ofisi ya walimu hukosa raha kabisa: Januari, uandikishaji wa darasa la kwanza unapogongana na wazazi wanaotaka uhamisho, wiki za mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, na siku zile habari zinapovuja kwamba wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wako njiani. Hizo ndizo siku ninazopanga utani. Nasema kupanga kwa sababu mkuu anayesubiri kichekesho kimjie chenyewe, mara nyingi kitamjia akiwa na hasira, na kitakachotoka mdomoni ni kejeli.

Jambo la kwanza ninaloliweka akilini ni kwamba kicheko cha walimu mbele ya mwalimu mkuu si kipimo cha chochote. Wewe ndiye unayepitisha tathmini zao kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi wa watumishi, wewe ndiye unayewapa ruhusa ya kwenda kuuguza. Watacheka hata kama neno limewachoma. Kwa hiyo ninaotania ni watatu tu: mimi mwenyewe, makaratasi na vifaa. Mtandao unaokatika ukifika asilimia 99, kengele ya rimu la gari iliyopasuka, darasa moja lenye watoto wa madarasa mawili. Mwalimu aliyechelewa hayumo, hata akiwa rafiki yangu wa siku nyingi.

Kwenye kikao, mpangilio ndio kila kitu. Habari mbaya inatangulia, kwa sentensi fupi, bila kupambwa. Kisha utani mmoja. Kisha mgawanyo wa kazi. Kwa mfano: "Wathibiti ubora wanakuja wiki ijayo. Watataka azimio la kazi, andalio la somo, shajara na mahudhurio. Mwenye viporo aseme leo. Naanza mimi: muhtasari wa kikao cha kamati ya shule uko kichwani mwangu, na kichwa changu hakina mhuri." Wakicheka, nanyamaza kama nusu dakika, maana hapo ndipo wanaanza kutaja viporo vyao wenyewe: wa darasa la tano hana shajara ya wiki mbili, wa darasa la pili kitabu chake cha mahudhurio kimelowa mvua. Naandika, nagawa wa kusaidiana, tunafunga.

Wengi hugeuza mpangilio huo. Wanaanza na kichekesho ili kulainisha, halafu wanashusha mzigo. Kinafanya kazi mara moja tu. Kuanzia kikao cha pili walimu wamekwisha kujua kwamba mkuu akichekesha kuna jambo linakuja, na kichekesho chenyewe kinakuwa kengele ya hatari.

Upande wa utani wa makabila, Tanzania tuna hazina ambayo haihitaji kubuniwa, ila ina wenyewe. Mchaga na Mpare ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo vilevile, na huo wa pili unahusishwa na misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka pwani karne ya 19. Mtani ana haki ambazo mkuu hana. Mpare anaweza kusema ofisi nzima ikisikia kwamba kapu la mchango wa harusi asikabidhiwe Mchaga, na Mchaga akajibu kwamba likikabidhiwa kwa Mpare, shilingi mia ikipungua tutakutana mahakamani. Wote watacheka kwa sababu kila mmoja ana jibu. Mimi nisiye mtani wa yeyote kati yao nikirudia maneno hayohayo, nimetukana kabila la mtu nikiwa na cheo. Ninachofanya ni kujua nani ni mtani wa nani, na kumpa nafasi. Mwalimu akifiwa, kwa mfano, ujumbe wa rambirambi hauondoki bila mtani ndani yake, kama yupo. Yeye ndiye atakayeweza kumfanya mfiwa atabasamu pale msibani, akimdai hata faini ya kulia bila kibali cha watani. Sisi wengine tukijaribu hilo, tutafukuzwa, na kwa haki.

Simba na Yanga ni uwanja ulio wazi zaidi, kwa kuwa ubishi wa timu zilizoanzishwa 1936 na 1935 kila mtu anao upande. Jumatatu baada ya mechi yao, timu yangu ikifungwa, naingia ofisini mapema na kukaa nisemwe. Ikishinda, nakaa kimya na kuwaachia mashabiki wenzangu. Mkuu anayeshangilia kupita kiasi anawanyima wengine nafasi ya kumjibu.

Tuna pia faini za chai. Kikao kinachagua neno moja lililochosha, mathalani "niko mbioni", na atakayelitamka hadi Ijumaa anatoa shilingi 200. Mkuu analipa mara mbili. Hapa kuna mitego. Majina hayaandikwi popote, kwa sababu orodha ya majina na fedha ikionekana na mgeni, hakuna atakayeamini kuwa ilikuwa mzaha. Fedha hiyo haiguswi na mhasibu wala haiingii kwenye fedha za shule. Ikiingia huko itadaiwa stakabadhi. Inanunua vitumbua siku hiyohiyo. Na mwalimu wa kujitolea halipi kabisa: kwake 200 ni sehemu ya nauli. Mchezo huu nauachia wiki mbili, kisha unafungwa. Ukizidi hapo, unageuka kuwa kodi.

Kwenye kundi la WhatsApp situmi utani unaomgusa mtu, hata mimi mwenyewe. Maandishi hayana sauti wala uso, na picha ya skrini inafika kwa Afisa Elimu Kata kabla hujaeleza muktadha. Mengine sitanii popote: mshahara uliocheleweshwa, madaraja yasiyopanda, uhamisho, ugonjwa, ndoa na watoto, umbo la mtu, mtoto aliyeumia shuleni. Siku matokeo ya darasa la saba yanapotoka vibaya, naacha hadi kesho yake.

Wala utani haupunguzi kazi. Nikiutania mtandao wa PEPMIS leo, leo hiyohiyo nateua walimu wawili wenye simu nzuri na subira wakae na wenzao dakika 20 baada ya vipindi. Nisipofanya hivyo, wiki ijayo ule utani utaonekana ni dharau kwa watu wanaohangaika.

Kipimo ninachokiamini nakipata saa nne, kwenye chai. Naingia nimechelewa kidogo, nakaa kiti chochote kilicho wazi, na baada ya dakika kumi naondoka wa kwanza ili wapate kunicheka kwa uhuru. Mazungumzo yakikatika ninapoingia, najua utani wangu wa wiki hiyo umewafikia kama amri. Wakiendelea, na mmoja akathubutu kuniiga ninavyotembea na bahasha kwapani, mambo yako sawa.

Ikitokea mtu ameumia, dalili ni ndogo: anacheka akiwa wa mwisho, kisha anakuwa na adabu iliyozidi, "shikamoo mkuu" kila anapopita. Namfuata siku hiyohiyo, peke yake, nasema neno gani lilikuwa baya na kwamba halitarudiwa. Katika kuomba radhi hakuna mzaha hata kidogo. Baada ya hapo simgusi kwa utani wowote, hata wa mpira, mpaka aanze yeye.