Kopo la chura

Juzi jioni, mvua ilipokatika na vyura wakaanza kulia mtaroni, kifungua mimba wangu alikuja jikoni akaniomba kopo lenye kifuniko. Alisema kwamba Alhamisi wana somo la kupasua, na kila mwanafunzi ametakiwa aende na chura wake mwenyewe, mzima, asiye na kilema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, mtu akikataa wanamfanyaje?"

Nilimtafutia kopo la maziwa ya unga, lakini swali sikulijibu, kwa kuwa pua yangu ilikuwa imeshanusa kilorofomu, ile dawa ya usingizi yenye harufu tamu inayokaa kooni, na mimi nilikuwa nimesharudi Jinja, Uganda, mwaka 1998, katika maabara ya kidato cha tano.

Tulikuwa wanafunzi ishirini na wawili. Karatasi ya tatu ya baiolojia ilikuwa ya vitendo, na sote tulijua kwamba siku ya mtihani tungeweza kukuta mezani panya, mende au chura, kwa hiyo tulipasua mara kwa mara ili mikono izoee. Vyura walitoka kwa watoto wa mtaa wa Walukuba, ambao waliwakamata usiku kwa tochi na kuwaleta katika gunia lililolowa maji. Mzee wa maabara aliwatia ndani ya chombo cha kioo pamoja na pamba yenye kilorofomu, akafunika. Chupa hiyo moja ilipaswa kutosha muhula mzima, kwa hiyo dawa aliipima kwa macho, na aliipima kwa ubahili.

Chura wangu nilimlaza chali juu ya nta, nikampigilia pini nne kwa mshazari katika mikono na miguu. Niliinua ngozi ya tumbo kwa koleo, nikaikata, nikaukwepa ule mshipa mweusi unaopita katikati ya tumbo, kwani ukiukata damu hufunika kila kitu; kisha nikakata mifupa ya kifua na kuondoa utando mwembamba. Moyo ulikuwa hapo, mdogo kama punje ya haragwe, na ulikuwa unapiga. Hilo halikunishtua, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba moyo wa chura una mwendo wake wenyewe na huweza kuendelea kupiga hata mnyama akiwa amekwisha kufa. Niliinama kuutazama. Mpigo ulianzia kwenye kifuko cha nyuma, ukapanda katika vyumba viwili vya juu, vikawiva wekundu, kisha ukashuka katika chumba kimoja cha chini, nacho kikapauka kilipojikamua. Sijapata kuona kitu kilichopangika namna ile.

Ndipo nilipoona ngozi ya koo lake ikipanda na kushuka.

Wiki moja kabla ya hapo, mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametufundisha kwamba chura hana mbavu za kutanua kifua kama sisi, bali husukuma hewa mapafuni kwa sakafu ya kinywa chake, na kwamba kazi hiyo huamriwa na ubongo. Moyo ungeweza kupiga bila ubongo, koo lisingeweza. Nilisema, "Mwalimu, huyu anapumua." Akiwa meza ya tatu kutoka kwangu, alijibu bila kugeuka: "Ni neva tu hizo, binti. Endelea, muda unakwenda." Mkono wa kulia wa chura ulijikunja ukaivuta pini. Nilisimama na mkasi wangu, nikihesabu: koo lilipanda mara kumi na moja. Mwenzangu wa meza, ambaye hakusema neno, alichukua pamba kutoka kwenye chombo akaiweka juu ya pua za chura na kuishikilia, na koo likatulia.

Nilichora. Mchoro wangu ulipata alama za juu ukabandikwa ukutani.

Likizo ilipofika nilimsimulia Baba, akaacha kula. Alinikumbusha hadithi ya Mtume kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake, na nyingine ya Abdurrahman bin Uthman, kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Nilidhani baada ya hapo angeniambia nisipasue tena. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema mtihani ni mtihani. Novemba ya mwaka uliofuata nilipasua bila mkono kutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ninapolikumbuka.

Wakati ule sikujua kwamba miaka kumi kabla ya siku ile, mwaka 1988, jimbo la California kule Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kumruhusu mwanafunzi kukataa kupasua kwa sababu za dhamiri na kupewa kazi nyingine badala yake. Leo zipo sanamu, video na programu za kompyuta. Hata hivyo siwezi kumdanganya mwanangu kwamba sikujifunza kitu. Kila siku wodini ninapoweka pembe juu ya tumbo la mama na kusikiliza moyo wa mtoto, lile wimbi jekundu hunijia. Lakini wimbi hilo tungeweza kuonyeshwa sote ishirini na wawili kwa chura mmoja, aliyelala kweli, mbele ya mwalimu mwenye subira. Wale ishirini na mmoja walikufa ili mikono yetu izoee, na yangu ilizoea.

Jana usiku nilichukua msumari na nyundo nikatoboa kifuniko cha kopo, matundu mengi kuliko yanayohitajika, ili atakayeingia humo apate hewa hadi Alhamisi. Binti yangu alikaa kwenye ngazi akinitazama, tochi ikiwa mapajani mwake, haijawashwa. Vyura walikuwa wakilia. Aliniuliza tena, "Kwa hiyo, Mama?"

Nilimwambia asubiri mvua nyingine ikatike.