Kadi za nembo za magari: awamu ya Kijapani

Kadi za kukariria nembo za magari zimefika 42, kila moja sentimita 7 kwa 7, nembo mbele, jina nyuma. Awamu hii ni ya magari ya mtumba kutoka Japani, na imevuruga kanuni ya mwanzo: kampuni moja, kadi moja.

Nissan, Mitsubishi na Suzuki hazikusumbua. Mtihani ni Toyota. Zile duaradufu tatu za mwaka 1989 hutazikuta kwenye shoo (uso wa mbele) ya kila Toyota iliyoundwa kwa soko la Japani: Crown ina taji, Mark X ina X, Harrier ya zamani ina ndege. Harrier nyingine hubandikwa L ya Lexus, na huo ni uongo nusu tu, maana nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kama Lexus RX. Sasa Toyota ina kadi ndogo zake, zenye ukingo mwekundu.

Nembo ikitia shaka, soma namba ya chesisi. Magari ya soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. MCU10 ni Harrier ya kwanza, GRX120 ni Mark X. Hata hivyo nembo haisemi nani kaliunda gari: Passo ina nembo ya Toyota lakini ni kazi ya Daihatsu, pacha wa Boon, gari la Daihatsu yenyewe.

Kupiga picha: kromu ni kioo, na kosa la kawaida ni mpigaji kuonekana ndani ya nembo. Gari liwe kivulini, flashi izimwe, usimame mita 2 kisha uvute picha (zoom) mara mbili. Ukisogea karibu sana, duara hupinda. Picha zote hugeuzwa nyeusi na nyeupe, la sivyo mtu hukariri bluu ya Ford badala ya umbo.

Jaribio la mwisho ni kupunguza nembo hadi sentimita 1. Hapo Honda na Hyundai huchanganywa kwanza. Tazama fremu kabla ya herufi: H ya Honda imesimama wima ndani ya pembe nne, ya Hyundai imeinama ndani ya duaradufu. Kia ya 2021 husomwa “KN” kwa sababu I na A zimeungana, kwa hiyo tahadhari hiyo imeandikwa nyuma ya kadi.

Subaru ndiyo kadi inayokaririka upesi kwa Mswahili: jina hilo kwa Kijapani ni Kilimia, lile kundi la nyota, na nembo ina nyota moja kubwa na tano ndogo. Kasoro ni ya uchapaji tu. Wino ulitapakaa, nyota ndogo zikawa madoa. Ilibidi ncha zake zichongwe upya kwa wembamba zaidi.

Yamebaki malori. Isuzu haitapata kadi ya umbo, kwani siku hizi nembo yake ni jina lenyewe.